Kijana wangu akisomewa anaelewa, akisoma mwenyewe anakwama. Nifanyeje Bi Mwalimu?

Asalam aleikum Bi Mwalimu, shikamoo. Unisamehe kwanza, hii barua siiandiki mimi, naiongea na simu ndo inaandika, kwa hivo pahali itakosea utanielewa tu.

Mimi ni dereva wa tuktuk, steji yangu Kongowea, nakaa Kisauni na mke wangu na watoto watatu. Shida iko kwa huyu wa pili, kijana, ana miaka 13 yuko gredi 7. Bi Mwalimu huyu mtoto si mjinga na sisemi hivo kwa sababu ni wangu. Tuktuk ikikohoa ananambia baba hio ni plagi, na mara nyingi ni plagi kweli. Chenji anaipiga kichwani abiria hajatoa mkono mfukoni. Chuoni juzuu Amma yote ameihifadhi kwa kuskiza, ustadhi akisoma mara mbili tatu yeye ameshashika. Sasa mpe kitabu asome. Hapo ndo utalia.

Kiswahili anasoma lakini anavuta silabi moja moja, akifika mwisho wa mstari amesahau mwanzo ulisemaje. Kiingereza ndo balaa. Neno ataliona juu ya peji alisome vizuri, mistari mitatu chini neno lile lile halijui, utasema hajaliona maishani. Akiona herufi ya kwanza basi, anatunga neno lake. Jina la skuli yao ameliandika namna tatu kwa daftari moja. Kunakili ubaoni hamalizi, wenzake washatoka kucheza yeye yuko mstari wa nne, kwa hivo daftari limejaa sentensi nusu nusu na jioni hana cha kusoma.

Ticha wa Kiingereza humsimamisha asome mbele ya darasa, wenzake wanacheka, na siku hizi asubuhi tumbo linamuuma, ikifika jumamosi tumbo limepona. Juzi kumekuja barua kutoka skuli, dadake ndo alinisomea, ati kijana ni mvivu hana umakini tumuwekee mkazo nyumbani. Mkazo gani tena jamani? Dadake yuko form 3, humfundisha kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne, wanamaliza kwa makelele, huyu analia huyu amerusha kitabu. Tuisheni nimelipa, mwalimu wa tuisheni naye ni yale yale, soma, umekosea, soma tena.

Majirani nao hawakosi la kusema. Mmoja ati ni jicho la watu, akanipeleka kwa mzee fulani amfungue mtoto kichwa, pesa nikatoa na kichwa hakikufunguka. Mwingine kanambia kuna miwani ya rangi, mtoto akivaa herufi zinatulia. Hio bado sijanunua, bei yake ni karibu mapato yangu ya wiki nzima.

Halafu kuna hili ambalo mke wangu tu ndo analijua. Mimi mwenyewe niko hivohivo. Niliacha skuli darasa la sita, kiboko kilinishinda. Mji huu naujua kichochoro kwa kichochoro lakini kibao nikianza kukisoma gari la nyuma lishapiga honi. Kaka yangu mkubwa pia ni hivo. Sasa nauliza, hii kitu ni ya damu, nimempa mimi? Abiria mmoja alikuwa daktari akaskia nikilalamika akasema hio yaweza kuwa disleksia kaulize, akashuka Nyali akaenda zake. Itapona? Nimfanyie nini nyumbani? Na simu itamsaidia ama ndo itamharibu kabisa? Gredi 9 kuna mtihani na mimi naogopa.

Baba Hamadi, Kisauni

*

Waaleikum salaam Baba Hamadi, marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na simu imekuandikia vizuri kuliko unavyodhani, mahali pawili tu ndo ilichapia. Na hapo ushajijibu lile swali la simu bila kujua, nitalifikia.

Kwanza tuliondoe hilo neno mvivu. Mtoto mvivu hakai kunakili mstari wa nne wenzake wako uwanjani. Mvivu angeshafunga daftari kitambo.

Kumpima mtoto kwa barua siwezi, na yeyote atakayekwambia anaweza usimuamini. Lakini haya uliyoyataja ukiyaweka pamoja, mtoto anayeshika haraka akiskiza na anayekwama akisoma, neno alilolijua sai hivi halijui, kubahatisha kwa herufi ya kwanza, tahajia inayobadilika kila mara, na babake na ami yake nao vilevile, ndo yale yale yanayomfanya mpimaji aanze kufikiria disleksia. Kusoma ni kuzifunga herufi na sauti zake, haraka, bila kuwaza. Mwenye disleksia ubongo wake unapata taabu kuzichambua zile sauti zilizo ndani ya neno na kuzishikisha kwa herufi, kwa hivo neno analolisoma leo kesho analianza upya. Akili haina kasoro na macho siyo chanzo. Wala si ugonjwa wa juzi, mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika kwenye British Medical Journal habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, mwerevu, hesabu anaziweza, lakini kusoma kumemshinda na jina lake mwenyewe akaliandika Precy. Mwalimu wake alisema lau masomo yangekuwa ya mdomo tupu huyo ndo angekuwa mwerevu kuliko wote skuli nzima. Si ni Hamadi wako huyo?

Ya damu, ndio, hurithiwa, mzazi akiwa nayo uwezekano wa mtoto kuwa nayo unapanda. Lakini kumpa mtoto kitu kwa damu si kumkosea, hata hio akili ya kujua plagi pengine ni yako pia. Kupona kwa dawa haiponi, dawa yake haipo, ila kusoma kunafundishika, na akifundishwa inavyotakikana atasoma, huenda taratibu kuliko wenzake hata akiwa mtu mzima, lakini atasoma na ataelewa. Kwa mzee wa kufungua kichwa usirudi. Dua mwombee, wewe na mamake, hio haina malipo.

Na miwani ya rangi usinunue. Mwaka 2009 madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa tamko la pamoja kwamba lenzi za rangi hazina ushahidi wa kutibu shida hii. Ila macho yake yapimwe, na masikio pia, manake mtoto aweza kuwa na disleksia na bado akahitaji miwani ya kawaida, na ukimpeleka kupimwa disleksia hilo ndo watakuuliza mwanzo. Mpeleke hospitali ya Coast General hapo Makadara ama kliniki yoyote ya macho iliyo karibu nawe.

Sasa kuna kitu kimoja nataka ukishike hata ukisahau mengine yote. Hapo kwenu kazi mbili zimefungwa kamba moja, kujifunza kusoma na kusoma masomo. Zitenganishe. Hamadi akianguka sayansi si kwamba sayansi haijui, ni kwamba sayansi imefungiwa ndani ya kitabu na ufunguo hana. Mkimngojea mpaka asome vizuri ndo ajue figo inafanya kazi gani, atafika gredi 9 hana kusoma na hana sayansi. Kusoma kuwe na dakika zake kila siku, kidogo, kwa utaratibu. Masomo mengine yaingie kwa sikio na yatoke kwa mdomo, leo, yasingojee.

Tuanze na kusoma. Masaa mawili ya usiku yaishe leo. Mtoto ametoka skuli, ametoka chuo, amechoka, halafu anapewa kile kinachomtesa zaidi, hapo hata mimi ningerusha kitabu. Dakika 15 au 20 zatosha, baada ya alasiri kabla ya maghrib, kila siku, hata jumapili. Dadake ndo atafaa, lakini mwambie kazi yake imebadilika, si kumkosoa tena, ni kusoma pamoja naye. Wachukue kitabu rahisi kuliko cha gredi 7, hadithi fupi, waisome kwa sauti wote wawili kwa mpigo. Akijiskia amguse dadake mkono, yaani niache, aendelee peke yake. Akikwama dada ahesabu tatu kimoyomoyo, halafu amwambie neno, waendelee. Hakuna kusonya wala kusema "si tumelisoma sai hivi". Peji ile ile wairudie siku mbili tatu mpaka iteleze, manake spidi huja kwa kurudia maandishi yale yale. Hadithi za Kiswahili za bure ziko kwenye tovuti ya African Storybook, zimepangwa kwa viwango, achague mwenyewe.

Kiswahili chetu kina neema moja, herufi husema sauti ile ile kila siku. Kiingereza hakina mpango huo. Mwaka 2001 watafiti waliwalinganisha watu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza, ndani ya ubongo tatizo likaonekana mahali pale pale, lakini Waitaliano walikuwa wakisoma vizuri kuliko wenzao kwa sababu Kiitaliano huandikwa kama kinavyotamkwa. Ndo maana Hamadi Kiswahili anajivuta na Kiingereza anazama. Usikubali mtu akwambie "mbona Kiswahili anasoma, basi hana shida". Amtazame anachukua muda gani.

Kinachomuangusha kwenye Kiswahili ni urefu. Mtoto akiona hawakutusomesha anaona msururu wa herufi hauna mwisho. Kata boksi la karatoni vipande vya kadi, andika kila kipande peke yake: ha, wa, ku, tu, somesha. Azipange, azisome, halafu mchezee hapo hapo, toa ku weka ja, imekuwa nini? Hawajatusomesha. Toa ha na ja, weka na baada ya wa. Wanatusomesha. Kadi saba hizo zinatengeneza maneno zaidi ya kumi na tano na hakuna hata moja la kubahatisha, manake macho yanajifunza kutafuta viungo badala ya kuogopa neno zima. Mtoto anayejua plagi ikikohoa atalipenda hili, nakuhakikishia.

Kiingereza kifundishwe kwa sauti, si kwa majina ya herufi. M aiseme mmm, asiseme em. Kisha makundi, sauti moja kwa wiki haina haraka: light, night, right, fight, anaona lile igh ni kitu kimoja kinachosema ai. Kila neno alitamke huku analiandika, chaki chini kwenye simiti ni sawa, mdomo na mkono na sikio vifanye kazi kwa pamoja. Yale maneno mahuni yasiyofuata sheria, said, was, who, achukue matatu tu kwa wiki, ayabandike mlangoni. Na akisoma awe na kipande cha kadi chini ya mstari, kinashuka naye, macho yasirukeruke. Hili la kadi ni dogo mno kiasi kwamba watu hulidharau.

Haya, simu. Wewe umenitumia barua ndefu hivi bila kuandika herufi moja, kwa nini Hamadi asiandike insha namna hio? Ile alama ya maikrofoni kwenye kibodi ya Google inaelewa Kiswahili cha Kenya na Kiingereza. Homuweki ya insha kwanza aiongee, aisikilize, aipange, ndo ainakili kwenye daftari. Mawazo yanatoka yote, hayakatiki kwa sababu ya kutafuta tahajia. Mwalimu akiuliza nani kamuandikia, kajiandikia mwenyewe, kwa mdomo.

Kusomewa pia kuko bure. Fungua Google Lens, piga picha peji ya kitabu, bonyeza kuskiza, inasoma. Kwenye simu nyingi za Android ukiingia setingi, sehemu ya Accessibility, kuna Select to Speak, ukiiwasha unagusa maandishi yoyote yaliyo kwenye skrini yanasomwa. Kuna programu ya Google inaitwa Reading mode, inakuza herufi na kuzipa nafasi na kukusomea, hio nafasi kati ya herufi inasaidia wengi kuliko hizo fonti maalum zinazopigiwa debe. Kama skuli au binamu ana kompyuta, Microsoft Edge nayo inasoma PDF kwa sauti, na ina sauti za Kiswahili. Sauti ya Kiswahili ya Google idaunlodi mara moja mkiwa na wifi, isije ikala bando. Spidi ipunguzwe kidogo mwanzoni, na muhimu zaidi, wakati simu inasoma macho yake yafuate mstari na kadi yake, asilale chali akaskiza tu. Nikuonye, Lens hati ya mkono ya daktari haiwezi na hata ya watoto wengine inahangaika, na zile sauti majina ya watu huyatamka kiajabu, mtacheka kidogo mtazoea.

Kuhusu kuharibika, simu itakuwa ya kazi ikiwa inakaa mezani na mnajua saa ya kuichukua na saa ya kuirudisha. TikTok utajua wewe na mamake.

Ila kitu ninachokipenda kuliko programu zote ni vois noti. Atafute mwenzake mmoja darasani mwenye roho nzuri, si lazima awe wa kwanza, jioni amsomee noti za leo kwa WhatsApp, dakika tatu nne, kwa simu ya mzazi wake. Hamadi anazikusanya, na huyo rafiki naye amefanya marudio bila kujua. Hizo noti ndo zitachukua mahali pa daftari lake la sentensi nusu nusu. Kabla ya mtihani asisome, askize. Halafu jumamosi ukiwa na safari fupi mpandishe mbele kwenye tuktuk, mwambie nieleze figo inafanya kazi gani, nieleze Vasco da Gama alifuata nini huku kwetu. Akikueleza ukaelewa wewe usiyesoma kitabu, basi anajua. Akikwama arudi kwenye vois noti. Aulizwe tena kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki, ikipangwa hivo inakaa zaidi kuliko kukesha usiku mmoja. Mwenye kuhifadhi juzuu nzima kwa sikio hashindwi na sura ya sayansi, mmekuwa mkimnyima mlango wake tu.

Mara za hesabu, saba mara nane na wenzake, zaweza kumsumbua, wengi wenye disleksia zinawateleza hata kama hesabu yenyewe wanaiweza. Awe na jedwali dogo mfukoni, aruke kwa kuimba, saba kumi na nne ishirini na moja. Usimpige vita kwa hilo.

Chuoni zungumza na ustadhi kwa heshima, mwambie kijana anashika kwa kuskiza kuliko kwa kutazama, apewe msahafu wa herufi kubwa na aruhusiwe kuskiza kwanza ndo asome. Ustadhi anayejua amehifadhi Amma sidhani atakataa.

Sasa skuli, na hapa usiende na hasira ya ile barua. Kiboko kama kipo bado, sheria ya elimu ya msingi ya 2013 kifungu cha 36 imekikataza, ujue tu, si lazima uanze nacho. Mtumie mwalimu wa darasa ujumbe huu, uongee na simu iandike, dadake aukague:

"Asalam aleikum mwalimu, mimi ni babake Hamadi wa gredi 7. Barua yenu tumeipata, asante. Nyumbani tumeona akisomewa anaelewa vizuri lakini kusoma na kuandika kunamtesa, tunashuku ni disleksia na tunampeleka kupimwa. Kwa sasa naomba mambo matatu. Asiitwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake ghafla, kama ni lazima apewe aya siku moja kabla ajitayarishe. Akishindwa kumaliza ubaoni akopeshwe daftari la mwenzake aje nalo nyumbani tulipige picha. Na kwenye majaribio ya darasa akikwama swali asomewe, kisha ajibu mwenyewe. Naweza kuja tuongee siku gani?"

Matatu yanatosha. Ukienda na orodha ya kumi mwalimu mwenye darasa la watoto sitini atakuona unamuongezea mzigo. Na lile la kusomeshwa mbele ya watu ndo la kwanza kabisa, tumbo la asubuhi linatoka hapo.

Kupimwa nenda EARC, vituo vya serikali vya kupima wanafunzi wenye mahitaji maalum, vilianza Kenya mwaka 1984 na Mombasa kipo, ofisi ya elimu ya sub-county yako itakuelekeza. Beba daftari zake chafu, usibebe zile alizosahihishwa zikapendeza, beba ripoti za skuli za miaka miwili mitatu, majibu ya macho na masikio, na uwaambie kuhusu wewe na kaka yako bila kuona haya, historia ya familia ni sehemu ya kipimo. Watakuuliza aliongea akiwa na umri gani, kwa hivo mamake awepo. Ukitaka kuongea na watu wa shida hii tu, Nairobi kuna Dyslexia Organization Kenya, husaidia wazazi.

Ile ripoti ya EARC usiiweke kabatini. KJSEA, mtihani wa gredi 9 ulioanza 2025, uko chini ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, na KNEC ina utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalum, kwa mfano kuongezewa muda. Ombi hupelekwa na skuli pamoja na ripoti, si na mzazi, na hupelekwa mapema. Kwa hivo mwalimu mkuu mwambie akiwa gredi 8, usingoje usajili ufunguliwe. Na kama ataongezewa muda, basi huko nyumbani na kwenye mitihani ya darasa aanze kuuzoea, ajifunze kurudi kwenye swali na kupiga mstari chini ya neno linalomwamuru, eleza, taja, linganisha. Muda wa ziada kwa mtu asiyejua aufanyie nini ni kukaa tu.

Kuhusu wewe mwenyewe, mwambie Hamadi. Usimfanyie kikao, mwambie mkiwa mnasafisha plagi, kwamba baba pia herufi humsumbua. Watoto hawa wengi wanaamini kimya kimya kwamba wao ni wajinga na hawana wa kumuuliza. Na hizo barua za skuli na za mkopo na za bima usiwe unamngojea dadake, ile Lens ya Hamadi itakusomea na wewe pia.

Tuisheni isimamishe mwezi huu. Huyo mwalimu hana kosa ila anarudia kilichoshindikana skuli, na hizo pesa utazihitaji kwa kliniki ya macho na nauli ya kwenda ofisi ya elimu. Baadaye ukimpata anayefundisha kwa sauti za herufi, hatua kwa hatua, huyo mlipe.